Rangi za miombo ni Septemba na Oktoba: tusizichome kabla hazijaonekana

Ndugu Mhariri,

Kila ifikapo Septemba simu za vijana wetu hujaa picha za milima ya Marekani, Kanada na Japani iliyogeuka nyekundu na dhahabu, na chini yake maneno ni yale yale: kwetu hakuna kitu kama hiki. Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme kwamba kipo katika miombo, yaani misitu yetu ya asili ya mitundu na miyombo, kwamba kinatokea katika miezi hiyo hiyo, na kwamba sehemu kubwa tunaiteketeza kwa moto kabla mtu hajafika kuitazama. Sisi ni watembeza wageni wa milimani katika mikoa ya Mbeya na Iringa, na haya ndiyo mambo tunayoulizwa sana.

Kwanza tofauti, kwa sababu asiyeijua hupanda mlima usio na rangi, tena mwezi usio wake. Kule Marekani, katika jimbo la Vermont au kwenye White Mountains za New Hampshire ambako kilele cha Mount Washington kina mita 1,917, rangi ni za jani linalokufa. Siku zikifupika na usiku ukipoa, mti hujenga tabaka gumu kama gome pale kikonyo cha jani kinaposhikana na tawi. Umbijani, ile klorofili inayolipa jani ukijani wake, huvunjika na mti hautengenezi mwingine. Manjano yalikuwemo ndani ya jani tangu mwanzo, yamefunikwa tu. Nyekundu ndiyo inayotengenezwa upya, kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani, na hukolea pale mchana unapokuwa na jua na usiku ukawa wa baridi isiyofikia kugandisha maji. Kwa hiyo hata huko mwaka mmoja huwa wa kupendeza na mwingine ukapooza, na upepo wa siku 2 hutosha kuangusha kila kitu.

Huku kwetu mwanga wa mchana haubadiliki kiasi hicho. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na siku ndefu kuliko zote inaizidi fupi kuliko zote kwa muda wa saa moja hivi. Miombo hupukutisha majani kwa ajili ya ukame, na hufanya hivyo kimyakimya, kwa rangi ya kahawia ambayo mpita njia haitupii jicho. Kinachostahili safari huja baadaye. Joto linapoanza kupanda kuelekea mwisho wa Agosti, ardhi ikiwa kavu na mvua ikiwa haijanyesha tangu Aprili au Mei, miti hutoa majani mapya. Maji huyapata kwenye udongo wa chini sana, maana mizizi yake hushuka mita kadhaa, na mengine yamehifadhiwa ndani ya shina lenyewe. Jani hilo changa hutoka likiwa jekundu lililokolea kama rosela, kwa sababu limejaa anthosianini, rangi ya aina ile ile inayoyafanya majani ya Vermont yawe mekundu. Wataalamu wa mimea huieleza kuwa ni kinga: inalikinga jani na jua kali wakati vyombo vyake vya usanisinuru bado havijakamilika. Kadiri umbijani unavyoingia, jani hupita rangi ya shaba, kisha ya asali, kisha kijani cha ndimu, na baada ya wiki 2 au 3 limekuwa kijani cha kawaida.

Tunaona watu wakiyaita majira haya "vuli" kwa kutafsiri. Neno hilo halitufai hapa. Vuli ni mvua fupi za pwani na kaskazini. Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na rangi tunazozisema hutangulia mvua hizo. Ni majira ya kuchipua, na jina hilo linatosha.

Mti wa kuutafuta kwanza ni mtundu, unaoitwa na wataalamu Brachystegia spiciformis. Kichwa chake kimetandazwa kama mwavuli, kwa hiyo ukiutazama kutoka juu ya mwamba au mgongo wa mlima unauona wote kwa pamoja. Mitundu 2 iliyosimama bega kwa bega inaweza kuwa na rangi tofauti kabisa, mmoja damu ya mzee, mwingine shaba, kwa sababu kila mti una saa yake ya kuamka. Ndiyo maana mlima wa miombo hauwi na rangi moja kama shamba, bali madoa. Pamoja nao kuna myombo, ambao ndio uliozipa misitu hii jina, na mninga, ambao hutoa maua ya manjano kabla ya majani na kuonekana kwa mbali kama taa. Tulia kidogo mchana wa joto utasikia mlio wa "ta!" juu ya kichwa: ni maganda ya mbegu ya mtundu yakipasuka na kujisokota, yakizirusha mbegu mbali na mama yake. Mgeni asiyejua hugeuka akidhani kuna mtu anavunja kuni.

Sasa mahali. Kosa la kwanza la wengi ni kupanda Kilele cha Mbeya wakitarajia kuzikuta rangi hizo kileleni. Kilele hicho kina zaidi ya mita 2,800, na huko juu ni majani ya nyasi, miamba na upepo. Miombo ya kutosha huipati juu ya mita 2,000. Kipande bora kwa anayelala Mbeya mjini ni barabara ya Chunya. Ni ya lami, karibu kilomita 70, nayo huanza kwa kupanda katikati ya misonobari na mikaratusi iliyopandwa. Mahali barabara inapofika juu kuna sehemu ya kusimama inayotazama bonde la Usangu. Tazama, lakini usiishie hapo, maana bado hujafika kwenye miombo. Vuka mgongo wa safu, teremka upande wa Lwanjilo, na kadiri unavyoshuka ndivyo misitu ya asili inavyofunguka pande zote mbili hadi karibu na Chunya. Asubuhi kule juu kuna ukungu na baridi ya kutetemesha, na kilomita 30 mbele watu wanatembea vifua wazi. Chukua sweta utakayoweza kuifunga kiunoni.

Kwa walio Iringa, barabara ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kupitia Kalenga na Idodi inapita katika vilima vya aina hii. Nje ya mpaka wa hifadhi unaweza kutembea ukiwa na mwenyeji na ruhusa ya kijiji. Ndani ya hifadhi hutembei kwa miguu bila askari mwenye silaha, na hilo lisifanyiwe majaribio. Anayesafiri kwa basi tu kutoka Morogoro asilale usingizi baada ya Ruaha Mbuyuni: mibuyu ya chini mara nyingi huwa bado mitupu wakati kuta za Kitonga zimeanza kuwaka. Lakini mwenye gari ndogo asithubutu kusimama kwenye kona za Kitonga kwa ajili ya picha. Malori yanayoshuka huwa na breki zilizopata moto, na dereva wake hana nafasi ya kukukwepa.

Kuhusu tarehe, wiki ya pili ya Septemba hadi wiki ya kwanza ya Oktoba ndiyo tunayoipendekeza kwa anayeweza kwenda mara moja tu. Anayeweza kwenda mara 2 aache siku 10 kati ya safari na safari. Ataona mlima ule ule ukiwa umebadilika. Kabla ya kutoka, piga simu kwa mtu wa huko na muulize jambo moja: mitundu ya karibu na kijiji imeshatoa majani ya rangi? Usiulize "maua", utajibiwa kuhusu mininga.

Saa zina uzito kuliko tarehe. Jani changa ni jembamba na linapitisha mwanga, kwa hiyo rangi yake unaiona likiwa kati yako na jua. Ukilipa jua mgongo utaona kahawia tu na kuondoka ukilaumu picha za watu. Uwe umeshafika kwenye miti saa 1 asubuhi, utembee kuelekea jua hadi saa 3 na nusu, na ukitaka tena subiri saa 10 jioni. Katikati ya mchana jua liko utosini na kila kitu hupauka. Simu nazo hudanganya: zikiona anga jeupe nyuma ya majani huyafanya majani kuwa meusi, na zikiona kivuli hupandisha mwanga hadi nyekundu inakuwa ya waridi. Gusa jani kwenye kioo, halafu shusha mwanga kidogo kwa kidole mpaka wekundu urudi kama unavyouona kwa macho.

Njia nzuri ya kutembea ni ukingo wa mbuga, yaani lile bonde la nyasi lenye udongo mweusi linalojaa maji masika. Miombo husimama kandokando yake kama ukuta, nawe una nafasi ya kuitazama toka chini hadi juu. Fuata ukingo kwa kilomita 4 au 5, kisha panda mgongo wa kilima kilicho karibu na urudi kwa juu. Mzunguko wa kilomita 12 wenye kupanda mita 500 huchukua saa 4 hadi 5 kwa kundi la watu wa kawaida, pamoja na kusimama. Ukubwa wa kundi usizidi watu 8 kwa kiongozi mmoja. Kiongozi atangulie, na mtu mzima mwenye kujua njia awe wa mwisho, maana wapiga picha hubaki nyuma na katika miombo kila mti unafanana na mwenzake. Aliyepotea mita 200 huweza kuzunguka nusu siku. Jua huzama karibu saa 12 na nusu jioni na giza halichelewi, kwa hiyo safari ya jioni iwe fupi na kila mmoja awe na tochi.

Maji ndiyo yanayowaangusha wengi. Mwezi Oktoba vijito vingi vya miombo ni mchanga mtupu. Lita 3 kwa mtu mmoja kwa saa 6, na kwenye gari ibaki ndoo ya akiba. Chakula kiwe na chumvi: viazi vya kuchemsha, mayai, karanga za kukaanga. Viatu vifunike kifundo cha mguu na viwe na meno, kwa sababu nyasi kavu juu ya changarawe huteleza kuliko tope, na watu huanguka wakati wa kushuka, si wa kupanda.

Halafu upupu. Hili tunalisisitiza kwa sababu limeharibu safari nyingi zilizoanza vizuri. Maganda yake ya kahawia yenye manyoya hukauka kiangazi na kuning'inia vichakani, hasa kwenye mashamba yaliyoachwa na kingo za mito mikavu. Upepo ukipeperusha manyoya hayo, ngozi huwasha kama imemwagiwa siafu. Vaa mikono mirefu, na ukiyaona maganda pita upande upepo unakotoka. Yakishakupata usisugue na usijikune, maana kujikuna kunayazamisha na kuyahamishia sehemu nyingine. Yabandue kwa utepe wa gundi, au paka tope zito, liache likauke na kulibandua, kisha osha kwa maji mengi na sabuni. Nguo zile usizivae tena kabla ya kufuliwa. Yakiingia machoni, maji safi na kituo cha afya.

Mbung'o wapo upande wa chini wa Chunya na kuelekea Ruaha. Huvutwa na nguo za buluu iliyokolea na nyeusi, kwa hiyo vaa kaki au kijivu. Nyuki nao wana mizinga juu ya miti mingi kuliko unavyodhani. Acha manukato nyumbani, na ukiona mzinga usisimame chini yake kula. Kifutu hupenda kulala kwenye njia, naye haondoki kama nyoka wengine. Tazama unapoweka mguu hasa unapovuka gogo. Kuanzia mwisho wa Oktoba ongeza radi. Mawingu ya kwanza hujikusanya baada ya saa 7 mchana, na ukisikia ngurumo shuka kutoka mgongoni mwa mlima wala usijibanze chini ya mti uliosimama peke yake.

Tumeyaweka mwisho yale yaliyotufanya tushike kalamu. Moto wa Septemba na Oktoba ndio adui wa rangi hizi, na watu wengi hudhani ni sehemu ya kiangazi tu kama vumbi. Nyasi zikichomwa Mei au Juni, zikiwa bado na ubichi, moto hutambaa chini, huacha vipande visivyoungua, na umande wa usiku huuzima. Nyasi hizo hizo zikingoja hadi Septemba huwa kavu kama karatasi, upepo umekuwa mkali, na ndimi za moto hufika kwenye matawi. Kwa bahati mbaya ndio wakati mti umeshatumia akiba yake ya maji na chakula kutoa majani. Majani yale huungua yakiwa machanga, na mti hulazimika kuchipua mara ya pili kwa akiba iliyokwisha kupungua. Miche iliyo chini ya kimo cha mtu hufa mpaka ardhini na kuanza upya kwenye mzizi, na ikichomwa hivyo kila mwaka haifikii kuwa mti.

Hili limepimwa. Karibu na Ndola, Zambia, majaribio yalianzishwa mwaka 1933 kwenye miombo: vipande vilivyochomwa mapema kila mwaka vilibaki kuwa msitu wa miombo, vilivyokingwa na moto vilisonga na kuwa msitu mzito zaidi, na vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi viligeuka kuwa nyasi zenye visiki na machipukizi. Miti ikiondoka, nyuki, uyoga na mbao huondoka nayo. Kwa hiyo hatusemi pasiwe na moto kabisa. Tunasema uwashwe mapema na kwa kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina vifungu juu ya uchomaji, na afisa misitu wa wilaya anaweza kukaa na kamati ya kijiji mwezi Aprili kupanga siku na maeneo.

Chanzo cha moto wa kuchelewa tunakijua wote. Kuna wanaochoma ili kuwatoa panya, wanaosafisha shamba upepo ukivuma, wafugaji wanaotaka majani mabichi ya haraka, tanuri la mkaa lililoachwa bila mlinzi, na mrina asali anayepanda na kienge cha nyasi kisha akakidondosha. Wazee wetu warina asali wanajua hasara hiyo kuliko mtu yeyote, maana moto huo huo unakula mizinga yao na maua ya mwaka unaofuata. Bomba la kufukizia moshi linafanya kazi ya kienge bila cheche, na kupalilia duara la mita 2 kuzunguka mti wenye mzinga huchukua nusu saa. Mtembezi naye asiwashe jiko wala sigara porini katika miezi hii. Chai iletwe kwenye chupa.

Moshi wa mioto hiyo hufunika hata mahali pasipoungua. Kufika saa 4 asubuhi Usangu yote huwa kama imefunikwa shuka. Kama manyunyu ya kwanza yatashuka mapema, nenda kesho yake bila kungoja: anga husafishika kwa siku moja au 2, na majani yaliyooshwa vumbi hayana mfano.

Neno moja kuhusu Kitulo, kwa kuwa tunaulizwa kila mara. Hifadhi ile iliyotangazwa mwaka 2005, Bustani ya Mungu, ina msimu wa maua wa Desemba hadi Aprili. Anayekwenda Oktoba akiwa na matarajio ya Februari atakuta nyasi za kahawia. Mlima Rungwe nao, wenye karibu mita 2,960, una msitu wa kijani mwaka mzima. Uendewe kwa uzuri wake wenyewe.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni la kalenda. Habari za moto wa misitu huchapishwa Oktoba, msitu ukiwa umeshakuwa majivu, na habari za utalii wa kusini huja Desemba. Tunakuomba utoe nafasi mwezi Aprili kuwakumbusha wenyeviti wa vijiji kuhusu kuchoma mapema, na mwishoni mwa Agosti kuwaambia wasomaji kwamba mitundu ya Chunya imeanza kufungua. Sisi tuko tayari kuleta taarifa kutoka porini kila wiki ya msimu, pamoja na picha zilizopigwa asubuhi hiyo hiyo.

Wako katika kazi,
Watembeza wageni wa milimani,
Mbeya na Iringa